Wasomaji Wauliza: Behewa la R32 la New York lililotembea miaka 57

Toleo lililopita tulichapa picha ya R32, behewa linalong'aa la chuma cha stenlesi chenye migongo lililobeba abiria wa treni za chini ya ardhi za New York kuanzia Septemba 1964 hadi Januari 2022. Barua zimekuja nyingi. Tumechagua hizi, na tumetanguliza ya fundi kwa sababu swali lake ndilo linalogusa kiini cha mambo.

SWALI: Nachomelea mageti na ngazi za stenlesi hapa Morogoro. Bomba lenyewe halishiki kutu, ila pembeni mwa mshono, masika mawili yakipita, unatokea mstari wa kahawia. Sasa behewa zima la stenlesi limetembeaje miaka yote hiyo kwenye unyevu wa handaki? Waliliunganisha kwa kitu gani?

Fundi, mstari huo unaouona ndio uliowasumbua watengenezaji wa mabehewa kabla ya miaka ya 1930. Stenlesi ya kawaida ina kromiamu asilimia 18 hivi na nikeli asilimia 8. Kinachoilinda ni kromiamu: inashikana na oksijeni ya hewani na kujenga ngozi nyembamba mno juu ya chuma, na ngozi hiyo ikikwaruzwa inajijenga upya. Lakini chuma hicho kikikaa kwenye joto la kati ya nyuzi 425 na 850 za Selsiasi, kaboni iliyomo inaishika kromiamu na kurundikana nayo kwenye mipaka ya chembechembe za chuma. Jirani na mipaka hiyo kromiamu inapungua, ngozi haijengeki, na kutu inapata mlango. Ndiyo maana kutu yako haianzii katikati ya mshono bali milimita chache kando yake, pale ambapo chuma hakikuyeyuka ila kilikaa moto kwa muda.

Kampuni ya Budd ya Philadelphia, iliyotengeneza R32, ndiyo iliyopata dawa. Mhandisi wake Earl Ragsdale alibuni namna ya kuchomelea kwa nukta kwa kasi kubwa. Mabati mawili yanabanwa kati ya ncha mbili za shaba, kisha unapitishwa umeme wa ampea maelfu kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Joto linazuka pale mabati yanapogusana kwa sababu hapo ndipo ukinzani ulipo mkubwa, chuma kinayeyuka kwa ukubwa wa kifungo cha shati, na shaba inalinyonya joto kabla halijasambaa. Chuma kinapita ile hatari ya nyuzi 425 hadi 850 haraka kiasi kwamba kaboni haipati muda wa kuhama. Hakuna kijiti cha kujazia, na hakuna mshono mrefu. Ubavu wa behewa unashikwa na nukta tupu, moja baada ya nyingine, kwa vipimo.

Wewe huna mashine hiyo, lakini kanuni ni ileile: joto dogo kwa muda mfupi. Nunua bomba na vijiti vyenye alama ya L, yaani kaboni isiyozidi asilimia 0.03, kwa bomba la stenlesi ya aina ya 304 tumia kijiti cha 308L. Shusha ampea hadi kiwango cha chini kinachokubali kuyeyusha. Choma vipande vifupi, usitikise mkono kushoto na kulia, na acha kila kipande kipoe hadi uweze kukigusa kabla ya kuendelea. Rangi ya samawati au dhahabu inayobaki kando ya mshono usiiache ukidhani ni pambo, kwa maana hapo ngozi imeharibika. Iondoe kwa dawa ya asidi ya kusafishia stenlesi, ukiwa na glavu na miwani, kisha osha kwa maji mengi. La mwisho ndilo linaloharibu kazi nyingi mitaani: brashi ya waya au diski ya grainda iliyokwisha kugusa chuma cheusi isiguse stenlesi kamwe. Inaacha vumbi la chuma juu yake, vumbi linashika kutu, na mteja anasema umemuuzia stenlesi bandia. Kwa kazi za pwani, chagua stenlesi ya aina ya 316.

Sasa ile migongo ya ubavuni. Bati jembamba lililochomelewa kwa nukta nyingi huwa linapinda kidogo kila penye nukta, na likiwa tambarare linaonyesha mawimbi kila jua likilipiga. Likikunjwa migongo linapata ugumu bila kuongezwa unene, na mawimbi hayaonekani tena. Kwa hiyo migongo ya R32 inaficha nukta na kupunguza uzito kwa mkupuo mmoja. Rangi haikuhitajika, isipokuwa milango, ambayo awali ilipakwa buluu.

SWALI: Je, lilikuwa behewa la kwanza la stenlesi New York? Na lilinunuliwa kwa bei gani? (Dodoma)

Halikuwa la kwanza, bali lilikuwa la kwanza kununuliwa kwa wingi. Budd walikwisha kupeleka mabehewa 10 ya R11 mwaka 1949, yakabaki kuwa ya majaribio. Miaka mingi sheria ya zabuni ilimpa kazi mwenye bei ya chini, na chuma cha kawaida kilichopakwa rangi kilikuwa rahisi zaidi siku ya kununua, hata kama kingegharimu zaidi baadaye kwa kupakwa upya na kuzibwa matundu ya kutu. Kwenye zabuni ya mabehewa 600, Budd ndio waliokuja na bei ya chini: dola 114,700 kwa behewa, jumla dola 68,820,000. Jiji likapata stenlesi kwa bei iliyowashinda wote.

Sherehe ya kuyapokea ilifanyika Grand Central Terminal tarehe 9 Septemba 1964, na siku chache baadaye yakaanza kubeba abiria kwenye njia ya Brighton huko Brooklyn. Namba zake zilianzia 3350 hadi 3949. Budd waliyaita Brightliners kwa jinsi yalivyong'aa kando ya mabehewa ya rangi yaliyokuwapo wakati ule.

SWALI: Nimeona kwenye picha mabehewa yameshikana mawili mawili na hayaachani. Kwa nini? Hiyo si inaleta hasara moja likiharibika? (Mombasa)

Inaleta, na waliijua. Kila jozi iligawana mitambo: behewa moja lilibeba kompresa ya upepo wa breki na milango, mwenzake akabeba betri na mtambo wa kuzalisha umeme mdogo wa taa na vidhibiti. Umepunguza nusu ya kompresa na nusu ya betri za kununua na kuhudumia, na kila mtambo ulioondoa ni kilo ambazo mota hazitazivuta. Kati ya mabehewa mawili ya jozi kuna nondo ya kudumu inayofunguliwa karakana tu. Viunganishi vya kujifunga vyenyewe, vinavyounga upepo na umeme kwa pamoja, viko kwenye ncha mbili za nje.

Hasara yake ni hiyo uliyoitaja. Kompresa ikifa, jozi nzima inaingia karakana. Na behewa moja likipata ajali isiyotengenezeka, mwenzake anabaki mjane mzima wa afya. Inabidi atafutiwe mwenza kutoka jozi nyingine iliyopata mkosi kama huo. Kwa mabehewa 600 hesabu hiyo inalipa. Kwa kundi la mabehewa 10 tungesita.

Urefu nao ulikuwa na maana yake. Kila behewa lilikuwa na mita 18.3, kwa hiyo jozi 5 zilijaza jukwaa la mita 183 na jozi 4 zilitosha kwa mita 146. Mabehewa ya baadaye ya mita 22.9 yalishindwa kuingia baadhi ya njia za zamani (njia za New York huitwa kwa herufi au namba), ikiwemo ya J, kwa sababu kona zake ni kali mno kwa urefu huo. Hapo ndipo R32 lilipata kazi ya uzeeni ambayo mabehewa marefu, madogo kwake kwa umri, hayakuweza kuifanya.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa umeme Kisumu. Bila kompyuta, dereva aliidhibiti vipi kasi ya mota?

Kila behewa lilikuwa na mota nne za nguvu-farasi 100 kila moja, mota kwa kila ekseli, zikilishwa na reli ya tatu yenye volti 600 za mkondo mnyoofu. Ukiipa mota iliyosimama volti zote hizo kwa mara moja, mkondo unapanda kupita kiasi na mota inaungua. Kwa hiyo vikinza vinawekwa njiani, kisha vinaondolewa kimoja kimoja kadiri mota inavyoongeza mwendo na kuzalisha volti yake ya kupinga. Kazi ya kuviondoa ilifanywa na mhimili wenye viinuko unaozunguka chini ya sakafu na kufunga swichi kwa mpangilio. Abiria aliyesimama katikati ya behewa alizisikia zikigonga.

Mpini wa dereva ulikuwa na nafasi tatu za kwendea. Ya kwanza ni ya kusogea polepole uani. Ya pili inaunga mota kwa mfululizo, kila moja ikipata sehemu ndogo ya volti. Ya tatu inaunga makundi ya mota sambamba, na volti kwa kila mota inapanda. Kidhibiti cha mkondo kiliuzuia mhimili usiende hatua inayofuata kabla mkondo haujashuka, kwa hiyo dereva mwenye haraka hakuweza kuulazimisha. Akiuachia mpini unainuka wenyewe, umeme unakatika na breki zinashika.

Katika kufunga breki, mota ziligeuzwa jenereta na umeme wake ukachomwa kwenye vikinza vilevile, joto likaishia chini ya behewa. Mwendo ukikaribia kuisha mota hazizalishi cha maana, na breki za upepo zinapokea. Hitilafu ya kawaida ilikuwa hapo kwenye makabidhiano: breki ya upepo ikichelewa, abiria wanahisi treni imeteleza kisha imestuka. Ukikuta gurudumu la treni ya zamani linagonga kama nyundo likitembea, mara nyingi lilifungwa likaburuzwa, likachongeka upande mmoja. Hapo dawa ni mashine ya kukereza, si kubadili bogi, yaani fremu nzima inayobeba magurudumu.

SWALI: Zile picha za miaka ya 1970, mabehewa yamechorwa juu hadi chini. Yalisafishwa vipi? (Arusha)

Sabuni ilisaidia kidogo kuliko utaratibu. Mwaka 1984 ulianza mpango wa mabehewa safi: treni ikishasafishwa, hairuhusiwi kutoka tena ikiwa na mchoro, hata kama abiria wanasubiri. Mchoraji hakuiona kazi yake ikipita mjini, na hamu ikafa. Treni ya mwisho yenye michoro iliondolewa kwenye huduma tarehe 12 Mei 1989. Stenlesi ilikuwa na nafuu moja: chini ya mchoro hakuna rangi ya kuiharibu unaposugua.

SWALI: Nilikaa Bronx miaka kadhaa. Kila kiangazi R32 za njia ya C zilihamishiwa njia ya J, halafu zinarudi. Kulikoni?

Ni viyoyozi. R32 lilizaliwa na feni tu. Viyoyozi viliwekwa kwenye ukarabati mkubwa wa 1988 hadi 1990, ambao mabehewa karibu yote yalifanyiwa na kampuni ya Morrison-Knudsen kwenye mji wa Hornell, jimbo la New York. Kwenye ukarabati huo mitambo mingi ilivuliwa na kufungwa mingine. Bodi halikuhitaji kujengwa upya, kwa sababu halikuwa na ugonjwa.

Kiyoyozi hakimezi joto, kinalihamisha: kinalitoa ndani ya behewa na kulimwaga nje. Njia ya C yote iko chini ya ardhi. Joto linalomwagwa linabaki handakini, hewa inayorudi kupoza mtambo tayari ni ya moto, shinikizo la gesi linapanda, na swichi ya usalama inazima kompresa. Mtambo mpya unavumilia. Mtambo uliokwisha kupita miaka 20, wenye mapezi yaliyojaa vumbi la chuma la breki, hauvumilii. Njia ya J sehemu kubwa iko juu ya nguzo, kwenye upepo. Kuanzia kiangazi cha 2011 wakawa wanabadilishana: R32 zinakwenda J, mabehewa mapya ya R160 yanakuja C. Ulikuwa uamuzi mzuri wa mtu anayeijua mitambo yake.

Mwenye duka la baridi Mombasa au Zanzibar anaweza kulichukua hili kama lilivyo: ukificha sehemu ya nje ya kiyoyozi kwenye chumba kisicho na upepo, unakiua.

SWALI: Kama bodi lilikuwa zima, kwa nini yaliondolewa? (Kigoma)

Mengi yaliondolewa kati ya 2007 na 2010, R160 zilipofika. Mpango ulikuwa kuyaondoa yote. Lakini mwaka 2009 ukaguzi wa R44, mabehewa ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, ulionyesha fremu zake zimeliwa na kutu kiasi cha kutisha. R44 zikatolewa haraka kwenye njia za chini ya ardhi, na R32 zipatazo 222 zikabakizwa kuziba pengo. Kwenye njia hizo behewa la 1964 likaishi kuliko la 1971. Hili ndilo tunalopenda watu walikumbuke wanapolinganisha zabuni: mitambo ya R44 ilikuwa ya kisasa zaidi, lakini mtambo unabadilishwa, fremu haibadilishwi.

Yaliyobaki yalipumzishwa mabehewa mapya ya R179 yalipokamilika, na safari ya mwisho ya kuagwa ilikuwa Jumapili, 9 Januari 2022. Kufikia hapo kilichochoka kilikuwa nyaya, vidhibiti, viyoyozi, na upatikanaji wa vipuri ambavyo hakuna kiwanda kinachovitengeneza.

SWALI: Sisi wavuvi wa Tanga tumesikia yalitupwa baharini yawe nyumba za samaki. Ni kweli? Na sisi tuzamishe mabasi mabovu? (Tanga)

Ni kweli. Tangu 2001 hadi 2010, mabehewa zaidi ya 2,500 ya aina mbalimbali ya New York yalizamishwa kwenye pwani ya mashariki ya Marekani, R32 zikiwamo. Eneo maarufu liko nje ya Delaware, maili 16 za baharini kutoka pwani, kwenye kina cha mita 24 hivi. Sakafu ya bahari pale ni mchanga mtupu. Kome na viumbe wengine wanahitaji kitu kigumu cha kujishikiza, na samaki wanawafuata.

Hayakutupwa hivihivi. Yalivuliwa magurudumu na bogi, milango, vioo, viti, nyaya, mafuta na grisi yote, kisha yakapakiwa kwenye tishari na kusukumwa moja moja kwenye alama zilizopimwa.

Cha kushangaza, mabehewa mekundu ya zamani, ya chuma cha kawaida, yalisimama vizuri zaidi chini ya maji kuliko yale ya stenlesi. Huko New Jersey mabehewa mengi ya stenlesi yalibomoka ndani ya miezi, na wakaacha kuyapokea. Ukikumbuka jibu la fundi wa Morogoro utaona sababu: bati jembamba lililoshikwa kwa nukta limepangwa kubeba mzigo unaokwenda chini na mbele. Mawimbi yanayolisukuma huku na huku yanafungua nukta moja, jirani yake inabeba mzigo wa mbili, na ubavu unaachia wote.

Kuhusu mabasi, hapana. Basi lina bati jembamba zaidi, plastiki, sponji za viti na mafuta kila kona. Litabomoka na vipande vyake vitakwenda kuchana nyavu zenu na kugonga matumbawe hai. Lolote la aina hiyo lianzie kwenye kikundi chenu cha usimamizi wa fukwe, BMU, na ofisi ya uvuvi ya wilaya, siyo kwenye gereji.

SWALI: Badala ya kuyazamisha, si wangetuletea Dar? Reli ya SGR na ya New York upana ni mmoja. (Temeke)

Upana ni mmoja kweli, milimita 1,435. Hapo ndipo undugu unapoishia. Reli yetu ya SGR inatumia volti 25,000 za mkondo geu kutoka waya wa juu. R32 linakula volti 600 za mkondo mnyoofu kwa kiatu kinachoteleza juu ya reli ya tatu pembeni ya njia. Kulibadili kunataka transfoma, virekebisha umeme na nafasi ya kuviweka, ambayo haipo. Kutandaza reli ya tatu kwenye njia ambako watu na mbuzi wanavuka ni kuua watu. Mlango wa R32 hauna ngazi, unataka jukwaa la usawa wa sakafu yake hasa.

Mitumba ya reli haikataliki yote. Kenya ilinunua treni za dizeli zilizotumika huko Mallorca, Hispania, kwa ajili ya abiria wa Nairobi, zikafika 2020. Zile zilikuja na mtambo wake wa dizeli na zilikwisha kutembea kwenye reli ya mita moja, sawa na reli ya zamani ya Kenya. Kwa hiyo anayetaka kununua treni ya mitumba aulize kwa mpangilio huu: upana wa reli, chanzo cha nguvu, kimo cha jukwaa, aina ya viunganishi na breki, vipuri. Bei ije mwisho.

SWALI: Nakusanya picha za treni. Nitalitofautishaje R32 na R38? Na kuna mahali naweza kuliona? (Nakuru)

Angalia ubavu. Migongo ya R32 inaanzia chini hadi juu ya madirisha. R38, iliyotengenezwa na St. Louis Car Company miaka miwili baadaye, ina migongo nusu ya chini tu, na juu ni tambarare. Ukiona uso wa mbele umelala kama mteremko, hiyo ni R40.

Jozi ya namba 3352 na 3353 imehifadhiwa na New York Transit Museum. Makumbusho yako Brooklyn, ndani ya stesheni ya zamani ya Court Street, mlango uko kwenye kona ya Boerum Place na Schermerhorn Street. Kabla ya kwenda uliza kama jozi hiyo ipo ndani, kwa sababu mabehewa yao yanayotembea hutolewa kwa safari maalumu na hulazwa kwingine. Ukifika, ingia utembee hadi mlango wa mbele kando ya chumba cha dereva: kwenye R32 abiria aliweza kusimama pale na kuiona njia yote mbele, jambo ambalo treni mpya zenye chumba cha dereva cha upana mzima hazina. Usishuke jukwaani kupiga picha ya bogi. Reli ya tatu ya pale ina umeme.